Rubani wa abiria Marekani: upitie jeshini au shule ya kiraia?
Kwa anayetaka kurusha ndege za abiria Marekani, tofauti kubwa ya njia hizi mbili imo kwenye mkataba. Jeshi la Anga linakulipia mafunzo yote, tena unapokea mshahara ukiwa bado mwanafunzi. Lakini unadaiwa miaka 10 ya utumishi, nayo huhesabiwa tangu unapohitimu urubani, si tangu siku ya kula kiapo. Ndege utakayorusha na kituo utakachoishi huamuliwa na jeshi, na vita vikizuka unakwenda.

Shule ya kiraia unailipia mwenyewe, na mkopo wake ni mzito hasa. Tangu 2013, rubani wa shirika la ndege kwa kawaida anatakiwa awe na saa 1,500 za kuruka. Aliyefunzwa jeshini huruhusiwa akiwa na 750. Raia wengi huzikusanya kwa kufundisha wanafunzi wapya.

Jambo ambalo vijana hulipuuza ni ukongwe kazini. Shirika huangalia tarehe lililokuajiri, na hiyo ndiyo huamua ratiba yako, aina ya ndege na lini utakuwa kapteni. Ukomo wa kurusha ndege za shirika ni umri wa miaka 65. Aliyeingia na miaka 25 amemtangulia mbali sana mwanajeshi anayeingia na 36.

Ndugu zetu walioko huko kwa ukaazi wa kudumu wajue pia kwamba rubani wa Jeshi la Anga ni ofisa, na ofisa wa jeshi lazima awe raia wa Marekani. Mwenye moyo wa utumishi na aende jeshini bila kusita. Anayekwepa ada tu, namshauri kwa dhati achukue njia ya kiraia.