Jerikeni la chuma la lita 20: kagua mpira kabla ya rangi

Muundo huu ulibuniwa Ujerumani miaka ya 1930. Mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipobana mafuta, bei ya pipa la mafuta ikapanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu 12, na huko Marekani wenye magari wakajazishwa kwa zamu, siku moja namba za gari shufwa na siku nyingine witiri. Chombo cha akiba kikawa lulu, na kwangu hili bado ndilo bora: vishikio vitatu vinaruhusu watu wawili kubeba, na kifuniko cha komeo hakihitaji spana.

Udhaifu ni mpira wa kifuniko. Ukikauka hupasuka. Tia petroli lita moja, funga, lilaze juu ya kadibodi dakika 10. Kadibodi ikilowa, badilisha mpira, tena uwe wa kustahimili mafuta, maana wa kawaida huvimba. Angalia pia kutu ndani kwa tochi, kwani chembe zake huziba chujio.

Jaza likiwa chini ardhini, kamwe si ndani ya buti la gari: zulia huzuia umeme tuli kutoka, na cheche moja inatosha kulipua mvuke. Acha nafasi ya petroli kutanuka. Usiiweke miezi mingi, itachacha na injini itagoma kuwaka.