Darasa la maandalizi ya Ujerumani, Ngamiani: saa wamezipatia, salamu bado

Darasa hili ni la wanafunzi wanaojiandaa kwenda kusoma Ujerumani, na hufanyika Jumamosi nne mfululizo, Ngamiani, Tanga mjini. Si kozi ya lugha; anayejiunga awe tayari ana Kijerumani cha mwanzo. Linafundisha yale yanayomkwamisha mgeni dukani, stesheni na mezani kwa watu. Siku ya kwanza ubaoni yanaandikwa maneno mawili, shule na hela, ambayo Kiswahili kiliyapata kwa Wajerumani, na hapo hata mwenye woga huchangamka.

Somo la saa ndilo linaloistahili ada yote. Sisi husoma mshale kinyume: uko kwenye nane, tunasema saa mbili. Mwalimu anakataza kujumlisha wala kutoa sita kichwani, anataka usome namba pale mshale ulipo. Kisha linakuja halb neun. Neun ni tisa, basi mwanafunzi huandika tisa na nusu, na akiisoma kwa saa za Kiswahili anajikuta alasiri. Amekosea mara mbili. Halb neun ni nusu ya kuiendea tisa, yaani 8:30, saa mbili na nusu ya asubuhi kwetu. Dawa yao ni kadi: unasikia neno, unaandika 08:30 kwa tarakimu, ndipo unatafsiri. Rudia kadi hizo nyumbani, maana darasani muda hautoshi.

Wameacha jambo moja hapo. Mashariki mwa Ujerumani, na baadhi ya sehemu za kusini, viertel neun ni 8:15 na dreiviertel neun ni 8:45. Anayekwenda Leipzig au Dresden atalihitaji wiki ya kwanza tu. Alama za c.t. na s.t. kwenye ratiba ya chuo wamezieleza vizuri: 10 c.t. huanza 10:15, 10 s.t. huanza 10:00 kamili.

Namba nazo zimefundishwa kwa makini. Fünfundvierzig hutaja tano kabla ya arobaini, kwa hiyo anayeandika namba ya simu anavyoisikia hupata 54 badala ya 45. Acha nafasi, andika tano kulia, kisha nne kushoto. Kwenye bei, nukta na mkato zimebadilishana kazi: kodi ya 1.200 ni elfu moja mia mbili, 3,50 ni euro tatu na senti hamsini. Amana ya chupa za plastiki za kutumika mara moja (senti 25, unarudishiwa ukirudisha chupa) na maduka kufungwa Jumapili vimepitiwa haraka, na inatosha.

Penye udhaifu ni adabu. Kitini cha darasa kinasema Sie, yaani “wewe” ya heshima, ni shikamoo ya Wajerumani. Sivyo, na kosa hili linaumiza. Shikamoo hutoka kwa mdogo, mkubwa akaitikia marahaba. Sie huenda pande zote mbili, profesa naye atakuita Sie. Kuhamia du, “wewe” ya kirafiki, kwa kawaida mkubwa ndiye anayependekeza, ila wanafunzi kwa wanafunzi huanza na du moja kwa moja. Kitini kinadai pia kwamba Wajerumani hawasalimiani. Ingia chumba cha kusubiri daktari ukae kimya, uone utakavyotazamwa: pale anayeingia huwasalimu wote kwa Guten Tag. Kisichokuwepo ni kuulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi.

Sehemu ya chakula ni fupi mno, ila ni ya kweli. Ukikaribishwa chai ukajibu Danke (asante) peke yake, mwenyeji huelewa umekataa. Sema Ja, gerne (ndiyo, kwa furaha). Mgeni wa Tanga hukataa kwanza kwa adabu akijua atabembelezwa; kule aghalabu habembelezwi, atabaki na njaa yake.

Jiunge miezi miwili kabla ya safari, si wiki ya mwisho, kadi za saa zipate muda wa kukaa kichwani. Na kitini cha salamu, mwombe mwalimu akirekebishe mbele ya darasa.