SSD kwenye kompyuta ya steshenari yangu: kasi ipo, lakini muulize fundi diski ya zamani kaifanyaje

Nina steshenari ndogo Chikongola, hapa Mtwara mjini. Fotokopi, kuchapa barua, kuwajazia watu maombi ya mikopo ya wanafunzi na ajira, ndiyo riziki yenyewe. Mashine ninayoitegemea ni Dell OptiPlex ya mezani, mtumba, Core i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8. Haina betri kama laptopu, hivyo umeme ukicheza kidogo tu, chali. Kuiwasha upya kwa diski yake ya zamani ilikuwa dakika tatu na ushei mpaka ikubali kufungua faili. Kitaa cha diski kinawaka mfululizo, mteja kashika flashi mkononi, macho yapo duka la pili.

Nikaagiza SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na kinachozunguka ndani, Kingston A400 ya GB 240 kutoka Kariakoo, ikaja na basi, nikaipokea stendi ya Mkanaledi. Pamoja na nauli ya mzigo haikufika laki. (Usishtuke kompyuta ikikuonyesha GB 223. Hujapunjwa, mtengenezaji anahesabu GB kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024.)

Fundi akaifunga, akaweka Windows upya, akachukua chake akaenda. Ikawa nafuu, ila si ile niliyosimuliwa. Kila nikiwasha, inakuja skrini ya bluu yenye Windows mbili, inaniuliza nataka ipi, na sekunde zinahesabiwa kurudi nyuma kuanzia 30. Nisipokuwepo kubonyeza, inazimaliza zote ndipo iendelee. Nimetoa hela kununua kasi, halafu nakaa nusu dakika naangalia namba! Nilipompigia, akaniambia ndivyo zilivyo, nitazoea.

Aliyenitoa hapo ni kijana wa jirani anayesomea kompyuta. Alifungua boksi, akachomoa waya wa diski ya zamani, akawasha. Mashine ikagoma kabisa, ikaandika kwamba haioni diski ya kuanzia.

"Umeona, mama? Windows ipo kwenye SSD, lakini cha kuiamsha kimebaki kule kwenye diski kuukuu."

Kumbe Windows ikiwekwa wakati diski ya zamani bado imechomekwa, na ile ya zamani tayari ina sehemu ya kuwashia, mara nyingi inaitumia hiyo hiyo badala ya kutengeneza mpya. Mashine inapowaka inapita kwanza kwenye diski inayozunguka, inakuta majina ya Windows mbili, inakuuliza. Na siku diski hiyo ikifa, SSD yako nzima haiwaki ijapokuwa ni mpya. Dawa yake: kijana aliiacha imechomolewa, akaweka Windows upya kwenye SSD peke yake, akahakikisha inawaka, ndipo akairudisha ile nyingine kuwa stoo ya faili. Kisha akabonyeza F2 wakati wa kuwasha ili aingie kwenye mipangilio ya mashine, akaiweka SSD mbele kwenye orodha ya kuanzia na kuzima ile ya kuanzia kwenye mtandao, ambayo ilikuwa imewekwa juu.

Sasa toka nibonyeze swichi mpaka niandike neno la siri ni kama sekunde 20. Ukipima ya kwako, pima kwa Restart. Ukizima kawaida, Windows 10 huwa inahifadhi sehemu ya kazi yake ili kesho iwahi kuamka, kwa hiyo unapata namba ya kujifurahisha. Umeme ukikatika ghafla hakuna cha kuhifadhi, inaanza moja kabisa, na sisi huku ndiyo hali tunayoishi nayo.

Kwa nini tofauti ni kubwa hivyo? Diski ya zamani ya mezani huzunguka mara 7200 kwa dakika, na kichwa chake kinahama huku na huku kusaka vipande. Kila kipande ni kusubiri milisekunde kadhaa, na Windows ikiamka inasoma vijifaili maelfu. SSD haina kinachozunguka wala kuhama. Ndiyo maana hata hii ya bei ya chini, inayotangazwa kusoma mpaka MB 500 kwa sekunde, inatosha kabisa kwa kazi ya dukani.

Jingine lililosaidia halikuhitaji fundi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta sehemu ya programu zinazojiwasha zenyewe, zima usizozihitaji. Kwangu kulikuwa na vikorokoro vya printa, programu ya kupiga simu ambayo sijawahi kuigusa, na antivirasi mbili zinazogombana. Nilibakiza moja.

Isichobadilisha SSD ni mtandao. Tovuti za maombi siku za mwisho zinakwama vilevile, na printa yangu inapasha moto kwa mwendo wake ule ule. Mashine hii pia haikubaliki rasmi kwa Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo sikutaka kutupia hela nyingi zaidi ya hapo.

Tahadhari moja: diski ya zamani ikitaka kufa aghalabu inagonga kwanza, unapata muda wa kuokoa vitu. SSD inaweza kuondoka kimya. Kazi za wateja nazinakili kila jioni kwenye ile diski kuukuu, na UPS ndogo (betri ya kuishikilia mashine umeme ukikatika) ndicho kinachofuata kununuliwa msimu wa korosho ukifunguka.

Nyota nne kati ya tano kwa SSD. Huyo fundi wa kwanza simpi hata moja.