Maguu ya mamangu na daktari wa kwenye simu: mwaka mmoja wa kuitumia huduma hii

Mamangu anakaa Siyu, kisiwani Pate, nami niko Mombasa. Asubuhi moja mwaka jana, mtoto wa kakangu anayeishi naye alinitumia picha mbili kwa WhatsApp: miguu ya bibi yake, imevimba hata alama ya ukanda wa ndara imezama kwenye ngozi. Chini yake aliandika, "Shangazi, bibi maguu yamemfura."

Kutoka Siyu hadi hospitali yenye vipimo ni bodaboda mpaka Mtangawanda, kisha boti, na boti hufuata maji. Yakikupwa, safari hungoja. Mamangu ana miaka 71, na kumvusha ni shughuli ya siku nzima. Mara nyingi hulazimika kulala kwa jamaa. Kwa hiyo kabla ya kuwaambia wafunge safari, nilifungua huduma ya daktari kwa simu niliyokuwa nimejisajili miezi miwili nyuma. Jina la kampuni silitaji. Nina mengi ya kuisifu na mengine ya kuilalamikia, na sitaki msomaji adhani nampigia mtu debe au namwangusha.

Nianze na lililoniuma. Aliyetupokea kwanza ni mashine, na maswali yake yote yalikuwa kwa Kiingereza. Mamangu husoma Kur'ani kila siku baada ya alfajiri, lakini Kiingereza hakijui, na kijana alikuwa akibahatisha majibu hadi nilipoingia mimi kati kutoka Mombasa. Mtu mzima asiye na mtoto wa kumsomea angeishia hapo hapo mlangoni. Tulingoja dakika 35. Daktari alipopiga, picha iliganda mara tatu, tukaamua kuzungumza kwa sauti tu.

Lakini daktari mwenyewe! Alikuwa mwanamke, kwa lafudhi ni mtu wa bara, na hakuwa na haraka. Alimsalimu mamangu, akamuuliza amelalaje, kisha akaanza kuuliza kimoja kimoja. Uvimbe uko mguu mmoja au yote miwili? Kuna mguu unaouma au wenye joto kuliko mwingine? Ukilala chali pumzi zinakukata? Unalalia mito mingapi? Huamka usiku ukitafuta hewa? Mkojo una povu? Nilikuwa nikisikiliza huku nimeshika kalamu, nikatambua kwamba katika miaka yote ya mamangu kutibiwa presha hakuna aliyewahi kumuuliza maswali yale kwa mpango ule. Daktari asiyeweza kumgusa mgonjwa hana budi kuuliza vizuri.

Kisha alimfanya yule kijana wa miaka 16 awe mikono yake. Alimwambia abonyeze kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, ahesabu polepole hadi kumi, aachie. Kikabaki kishimo. Akamwambia ailete kila dawa ambayo bibi anakunywa, apige picha za pakiti, mbele na nyuma. Mojawapo ilikuwa amlodipini, dawa ya presha, ya miligramu 10. Wiki tatu kabla, kituo kimoja cha afya kilikuwa kimempandisha kutoka 5 hadi 10 kwa sababu presha ilisoma 168/98.

Hapo ndipo alipotueleza. Amlodipini hulegeza mishipa midogo ya damu ili presha ishuke, na kwa kulegea huko majimaji huvuja na kutuama miguuni. Dawa ikiwa nyingi, uvimbe nao huwa mwingi. Akasema pia kwamba vidonge vya kukojosha maji, ambavyo watu hukimbilia kununua dukani, haviusaidii sana uvimbe wa aina hii. Halafu akasema neno lililonifanya nimwamini: "Nadhani ni dawa, lakini kwa simu siwezi kuapa. Moyo ukichoka na figo zikichoka, miguu huvimba vivi hivi." Aliagiza arudi kwenye 5 kwa sasa, asiache dawa kabisa, na ndani ya wiki moja apimwe mkojo, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo) na umeme wa moyo. Pumzi zikimkata, kifua kikimbana au mguu mmoja ukivimba kupita mwingine, avushwe siku hiyo hiyo. Nilimwomba namba yake ya usajili, akanipa bila kukasirika, nikaitafuta kwenye orodha ya baraza la madaktari, KMPDC, iliyoko mtandaoni. Ilikuwepo. Nawasihi wote wanaotumia huduma za namna hii wafanye hivyo. Ni kazi ya dakika mbili.

Sasa kuhusu vipimo, maana humu ndimo nilimojifunza zaidi. Mwaka 2023, mwezi wa Septemba, serikali ya Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwapa mikoba yenye mashine ya presha, kipimo cha sukari na kadhalika. Mmoja wao ni jirani ya mamangu. Daktari aliomba mamangu apimwe nyumbani asubuhi na jioni. Kipimo cha kwanza kilikuja 171/100, nikashikwa na hofu. Daktari yeye aliomba picha ya jinsi alivyopimwa. Mamangu alikuwa ametoka kuteka maji, ameketi kwenye kigoda bila kuegemea, mkono unaning'inia, kitambaa cha mashine kimefungwa juu ya mkono wa nguo, huku akizungumza na watu. Na kitambaa chenyewe kilikuwa kidogo kwa mkono wake mnene. Kila moja ya hayo hupandisha namba.

Wakaanza upya. Kuketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo, kitambaa kikubwa ambacho jirani alikiazima, kupima mara mbili na kuandika zote. Siku saba hivyo, na siku ya kwanza isihesabiwe. Wastani ukatoka 141/87. Ni juu bado, kwa sababu nyumbani mpaka ni 135/85, lakini si ile 171. Tangu siku hiyo nina shaka, na sitaificha, kwamba ile dozi ya 10 iliongezwa kwa sababu ya kipimo kibaya, mamangu akapata miguu ya kuvimba kwa kutopewa dakika tano za kupumzika.

Hili ndilo naliona limebadilika kwenye tiba. Zamani daktari aliiona namba moja, siku moja, mgonjwa ametoka kwenye boti amechoka. Huyu aliona namba za wiki nzima kutoka ukumbini kwa mamangu. Lakini bila jirani na kijana asingeona kitu. Kampuni imenitoza shilingi 600 kwa kila mashauriano kwa M-Pesa, na ni nafuu ukilinganisha na nauli ya watu wawili. Yule jirani, aliyepita asubuhi na jioni siku saba, hakupata hata shilingi kutoka kwao. Niliwaandikia kuhusu jambo hili mara mbili, wakanijibu kwamba maoni yangu yamepokelewa. Mimi naona ni dhuluma, na nitaendelea kuwaandikia.

Vipimo vya hospitali tulivifanya ng'ambo siku ya tano. Mamangu alikwenda na barua ya daktari kwenye simu. Aliyempokea aliitazama kidogo akasema hapa hawatibu kwa barua za simu, akaanza kila kitu upya, mamangu akarudia hadithi yote akiwa na njaa. Simlaumu sana, maana hakuwa na njia ya kujua ni nani aliyeiandika. Lakini tiba ya mbali isiyoaminika na ya karibu humwacha mgonjwa katikati ya wawili wasiosalimiana. Majibu yalitoka kwenye karatasi, kijana akayapiga picha na kuyatuma: mkojo hauna protini, kreatinini iko sawa, umeme wa moyo hauna tatizo. Na miguu tayari ilikuwa imeanza kunywea. Daktari wetu wa simu akaibakiza amlodipini kwenye 5, akaongeza losatani, dawa nyingine ya presha, akaagiza damu ipimwe tena baada ya wiki chache kuangalia figo na potasiamu.

Jambo moja zaidi, la kumbukumbu. Rwanda kulikuwa na huduma iitwayo Babyl, iliyosajili watu zaidi ya milioni 2. Mwaka 2023 kampuni mama yake, Babylon ya Uingereza, ilianguka, na huduma ikafungwa. Nilipokumbuka hayo niliomba nakala ya rekodi zote za mamangu. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inampa mtu haki hiyo. Ziliniwasili baada ya siku tisa na kukumbushana mara tatu. Nimezichapisha, na Siyu kuna daftari la mistari, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki, lenye namba zote kwa mwandiko wa kijana. Anayeanza huduma hizi aanze na daftari siku ile ile.

Nimelipia mwaka wa pili. Maswali ya mwanzo bado ni ya Kiingereza, lakini sasa kuna kitufe cha kuruka hadi kwa mtu, na daktari yule yule tukimwomba tunampata, ingawa hutubidi tusubiri hadi jioni. Wiki iliyopita wastani ulikuwa 132/80. Kipimo kingine cha potasiamu ni mwezi ujao. Kijana ameshazungumza na nahodha, wakachagua siku ambayo maji yatajaa asubuhi, ili bibi avuke na kurudi kabla ya magharibi.