Mhusika mwizi katika Baldur's Gate 3: mapigano matamu, wizi usio na hofu
Baldur's Gate 3, mchezo wa video wa Larian Studios uliotoka mwaka 2023 kwa kufuata kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu, humpa mhusika mwizi (Rogue) aliyefika ngazi ya 3 na kuchagua tawi la wezi (Thief) tendo dogo la pili (bonus action) katika kila zamu, upendeleo ambao kanuni za mezani hazimpi. Katika mapigano, basi, ananufaika kweli, na kwa hilo pekee nauona mchezo huu unastahili bei yake. Wizi wenyewe, ambao ndio kazi yake, umepoa, kwa sababu mchezaji huhifadhi mchezo kabla ya kugusa kufuli, na akishindwa hurudia. Mezani kwetu Sinza, dadu ikishaanguka imeanguka, na mlinzi aliyeshtuka itabidi abembelezwe papo hapo, kwa maneno ambayo hakuna programu iliyoyaandaa.