Rivyu: duka ya kukodisha kamera River Road, lazima uoneshe listi ya shoti kwanza

Watu wa filamu mnaotafuta pa kukodisha kamera tao, wacha niwaambie vile tulisaidika na pia mahali tuliumia kidogo. Jina la duka sitataja juu kuna malalamiko mawili hapa chini na sitaki ikuwe kesi. Ni River Road, orofa ya nne, lifti haifanyi, na ukishuka na tripodi begani utaijua kila ngazi.

Sisi ni wanafunzi wanne, mwaka wa kwanza, na kazi ya muhula ilikuwa kutengeneza mwanzo wa filamu ya thrila. Dakika mbili, isizidi, majina ya waigizaji na dairekta yakitokea humo humo ndani, halafu unapeana pamoja na faili ya utafiti na mipango: thrila zingine zinaanza aje, watazamaji wako ni akina nani, mahali utashuti pako aje na kuna hatari gani, stori bodi (michoro ya filamu shoti kwa shoti), listi ya shoti (orodha ya kila kipande kamera itachukua bila kukatwa), yote. Faili tulikuwa nayo na ilikuwa nene. Tulikuwa tumetazama mianzo mingi ya thrila tukiandika kila shoti inakaa sekunde ngapi, tumeuliza wenzetu maswali kwa Google Forms, tumechora stori bodi kurasa kumi na moja. Kwa hivyo tulipanda zile ngazi Jumatano asubuhi tukijua tunaenda tu kulipa na kubeba.

Mwenye duka kila mtu anamwita Mzee. Alianza kazi enzi za kanda ndogo za MiniDV, wakati filamu za Riverwood, zile za bei ndogo za hapa Nairobi, zilikuwa zinauzwa kwa VCD hapo hapo chini barabarani (na kama hukuwa unajua, Riverwood ilipata jina kutoka hii River Road). Tukamsalimia, tukamwambia tunataka Sony A7 III, lenzi ya 35 na ya 50, betri mbili, tripodi, taa mbili za LED na rekoda ya sauti ya Zoom. Bei yake ilikuwa 6,500 kwa siku kwa hizo zote, dipositi 5,000 na kitambulisho kinabaki. Tukashika simu tutume M-Pesa. Akasema, "Ngojeni kwanza vijana. Listi ya shoti iko wapi?"

Kumbe wanafunzi hawakodishii mpaka aone listi. Akavuta stuli, akaweka simu yake juu ya kioo cha kaunta, akafungua saa ya kuhesabu sekunde, akafunga macho. Akamwambia mwenzetu asome shoti moja moja kwa sauti, na asiguse ya pili mpaka ya kwanza iishe kichwani mwake, kama ni mtu anapanda ngazi basi mpe muda wa kupanda ngazi. Tulikuwa na shoti 41. Ukigawa sekunde 120 kwa 41 ni karibu sekunde tatu kila moja, na kwa karatasi ilikuwa imekaa poa kabisa. Kwa saa ya Mzee tulifika shoti ya mwisho dakika tatu na sekunde arobaini, na hapo hakuna jina hata moja tulikuwa tumeweka kwa skrini. Mzee akafungua macho, akanigeukia mimi juu ndio nilikuwa dairekta. "Sasa madam, toa nusu."

Tulikaa hapo kama saa moja na nusu na hakutulipisha hiyo saa moja na nusu, wateja wengine wanakuja wanahudumiwa na binti wa kaunta, sisi tunakata. Droni ndio ilitoka kwanza. Tulikuwa tunaanza na Nairobi kutoka juu usiku, taa zote, juu mianzo kadhaa tuliyotazama ilikuwa hivyo. Mzee akatuambia droni hapa Kenya ni lazima upitie KCAA, wale wa usafiri wa ndege, na sisi tunashuti Umoja, upande huu Eastleigh kuna kambi ya ndege za jeshi, upande ule uwanja wa ndege wa JKIA, hiyo ni shida ya bure. Halafu akauliza hiyo shoti inamuogopesha nani. Tukanyamaza. Ikatoka. Bastola ya plastiki pia ikatoka, na hapo hakubembeleza, akasema mtu akikuona na bastola kwa ngazi za ploti saa mbili usiku hatakuuliza kama ni toi, na polisi pia hawatakuuliza. Mimi hiyo nilikuwa nimeandika kwa fomu ya hatari kwamba "tutakuwa makini", maneno mawili tu, na sasa nikifikiria naona vile ilikuwa mbaya.

Lakini kitu ilinifanya niandike hii rivyu ni venye alisoma hadithi yetu. Hadithi ni hii: dada anaishi peke yake Umoja, kaka yake amezikwa wiki iliyopita, jioni anapata pesa kwa M-Pesa, shilingi hamsini, kutoka kwa kaka yake. Basi. Kwa listi yetu ya kwanza ujumbe unaingia, anausoma, anapiga nduru, halafu kamera inaenda kwa programu ya mazishi ukutani ndio mtazamaji ajue kaka alikufa.

Na kwa faili yetu, ukurasa wa nne, tulikuwa tumeandika vizuri sana yale maelezo Alfred Hitchcock alimpa François Truffaut kwa mahojiano ya 1962, ya bomu chini ya meza. Watu wanapiga stori mezani, bomu linalipuka ghafla, mtazamaji ameshtuka sekunde chache imeisha. Lakini muoneshe hilo bomu mapema, muoneshe na saa, halafu waache wale watu waendelee na stori zao za kawaida, hapo umemkalisha roho juu dakika baada ya dakika. Ni ile taharuki tulifundishwa kwa fasihi shule ya upili. Mzee alifungua huo ukurasa akausoma wote, akafunga faili akauliza, "Na kwa filamu yenu bomu iko wapi?"

Haikuwa. Tulikuwa tumefanya utafiti tukauacha kwa karatasi, shoti zetu zilikuwa zinafanya kinyume cha kile tumeandika sisi wenyewe.

Tukaipanga upya hapo hapo kwa kaunta, kwa nyuma ya risiti zake. Sasa programu ya mazishi inakuja kwanza, picha ya kaka na tarehe zake, unaiona tu nyuma ya dada akiingia na shopping. Anaenda jikoni kuweka chai. Simu iko mezani, sauti imezimwa, skrini inawaka: umepokea, shilingi hamsini, jina la kaka. Mtazamaji ameona. Dada hajaona, anapita hapo karibu na kikombe, anarudi kuchukua sukari, anapita tena. Na wakati huo wote mita ya tokeni inalia, ile pii, pii, ya yuniti zinaisha, kila mtu amekaa ploti anaijua hiyo sauti na vile inakukosesha amani. Halafu tokeni zinaisha. Giza. Na mtu wa Nairobi stima ikipotea anashika nini kwanza? Simu, awashe tochi. Hapo ndio anasoma, na jina la filamu linaingia.

Wazo la mita lilikuwa la mwenzetu wa sauti, si la Mzee, lazima niseme hiyo. Tulikuwa tunataka vayolini juu tulisoma kwamba Bernard Herrmann alitumia vyombo vya nyuzi pekee kwa Psycho ya 1960, na Mzee akauliza kwa hiyo nyumba usiku kunasikika nini hasa, ndio huyo mwenzetu akasema mita. Yeye anaishi Umoja, ilikuwa imemlilia usiku uliopita.

Tulitoka hapo na shoti 19.

Vifaa vyenyewe sasa. Kamera ilikuwa safi, lenzi hazina fangasi, sensa haina vumbi, niliangalia. Kabla ya kutupatia alifanya kitu sitasahau, alielekeza kamera kwa taa ya tyubu ya duka lake mwenyewe ikiwa kwa NTSC (mpangilio wa video wa nchi za stima ya 60 Hz), fremu 30 kwa sekunde, shata (muda kila fremu inapokea mwanga) 1/60 ya sekunde, na kwa skrini ukaona mistari ya giza inatembea pole pole juu ya ukuta. Akaenda kwa menyu akaweka PAL, ule wa nchi za 50 Hz, fremu 25, shata 1/50, mistari ikapotea. Stima ya Kenya ni 50 Hz, kwa hivyo taa kama hizo zinapigana na shata ya 1/60. Ngazi za ile ploti yetu zina tyubu kila orofa. Tungeshuti usiku mzima na mistari na tuione tukifika kwa kuediti. Skrini ya simu pia, alituambia tusishuti ujumbe wa kweli, tutengeneze picha ya ujumbe, tuifungue ijae skrini, tupunguze mwangaza, na uso wa dada tuumulike na LED ndogo juu mwanga wa simu peke yake hautoshi. Jina tu liwe pale, namba ya mtu isitokee.

Ratiba aliigusa mahali moja. Tulikuwa tumepangia shoti ya nje, dada akishuka matatu na mbingu bado iko na ile bluu, "jioni, saa moja". Sisi tuko karibu na ikweta, jua la Nairobi linazama mwaka mzima saa kumi na mbili na nusu hivi na giza haliombi ruhusa, hiyo bluu unaipata kama dakika ishirini. Akaandika kwa kalamu yake: 6:20 mkuwe mmesimama hapo, kamera imewaka. Tulikuwa tumesimama. Tukaipata kwa mara ya tatu, na ya nne ilikuwa giza.

Hii pia isaidie wale wanafanya kazi kama yetu: notisi nyingi za hizi kozi zimetoka Uingereza na zinaongelea madaraja ya huko ya umri wa watazamaji, 12A, 15, 18. Sisi tukaweka ya KFCB, bodi ya filamu ya hapa Kenya, na tulichagua 16, ndio maana hatukuweka damu. Wenzetu wengi kwa ile fomu walisema wanatazama filamu kwa simu, kwa hivyo majina tuliandika makubwa kuliko tulivyotaka. Hizo ni sehemu za faili ambazo tayari zilikuwa zinafanya kazi.

Malalamiko sasa. Betri moja kati ya zile mbili ilikuwa imechoka. Ilionesha asilimia 80, ikapiga kama dakika kumi, ikazima, bila onyo. Ilizima saa mbili unusu usiku katikati ya shoti ya dada akipita na kikombe mara ya pili, na hiyo ilikuwa yake bora, mwigizaji alikuwa ameipata kabisa, alikuwa anaimba kitu kidogo chini chini ambacho hakuna mtu alimwambia aimbe. Hatukuipata tena vile. Tulirudia mara sita. Betri ya pili tukaibana mpaka mwisho, tunazima kamera kila baada ya shoti, na mambo mawili tuliyokuwa tumepanga tukayaacha. Mtu anakodisha vifaa kwa 6,500 anafaa kujua betri zake, na mtu anakagua listi ya mteja saa moja na nusu anaweza kupima betri dakika kumi. Nilimwambia Mzee hivyo hivyo, kwa heshima, na akakubali, hakubishana.

Ya pili ni dipositi. Tulirudisha vitu Ijumaa kabla ya saa nne asubuhi kama risiti inavyosema, vikakaguliwa vyote mbele yetu, kitambulisho tukapewa, lakini ile 5,000 ilirudi Jumanne. Siku nne. Binti wa kaunta alikuwa anatuambia "iko njiani" kila tukipiga. Hiyo pesa ilikuwa imechangwa na watu wanne na mmoja wetu alikuwa ameweka nauli yake ya wiki. Kama inachukua siku nne waandike kwa risiti, mtu ajipange.

Na tripodi, ile sahani ya kufungia kamera inalegea. Si kubwa, beba kaspana kadogo.

Bado nawapa nne kwa tano. Kuna duka za bei rahisi kuliko hii, nimeuliza, na huko utapewa kamera ileile dakika tano na hakuna mtu atakuuliza unaenda kufanya nini nayo. Kama tayari unajua kazi yako enda huko. Kama wewe ni mwanafunzi na ndio mara yako ya kwanza, enda kwa Mzee, enda katikati ya wiki asubuhi kabla watu wa kushuti harusi hawajajaza duka, na beba faili yako yote, si listi peke yake.

Filamu yetu ilifika dakika moja na sekunde hamsini na sita, majina yote ndani. Darasani ile simu ilipowaka mezani kuna mtu nyuma alisema "shika simu!" kwa sauti, na dada akapita na kikombe.

Tuna kazi nyingine ya muhula ujao na tayari nimewekesha siku ya kukodisha. Hizo betri nitaziwasha zote mbili pale kwa kaunta, nikae nazo kamera ikirikodi, kabla sijashuka ngazi.