Nililipia masomo ya studio Mwanjelwa, nikajibiwa kwa dharau

Kama ningekuwa sijalipa ningeondoka siku ileile. Ila nilishatoa 80,000, hela ambayo mama aliipata kwa kuuza viazi, kwa hiyo nikakaa.

Nasoma Teknolojia ya Muziki, somo la mtaala wa Uingereza. Mtihani unataka ujue sauti inavyorekodiwa na kila mtambo unaifanyia nini. Kwenye daftari nilikuwa naelewa, kwenye masikio hapana. Ndiyo maana likizo iliyopita nikaenda studio moja hapa Mbeya, maeneo ya Mwanjelwa, iliyotangaza kufundisha wanafunzi. Jina silitaji.

Siku ya tatu au ya nne hivi nikamwonyesha prodyuza swali la kompresa, mtambo unaobana sauti ikivuka kiwango fulani, yaani kizingiti. Kizingiti ni -20 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), uwiano wa kubana 4:1, sauti inaingia na -12 dB. Inatoka na ngapi? Daftari hakuligusa. Akazungusha kiti, akawatazama vijana watatu waliokuja kurekodi, akasema, "Binti, hapa tunafanya kazi kwa masikio. Hesabu kafanyie shuleni. Una sauti nzuri, wewe njoo uimbe, haya ya mitambo tuachie sisi."

Wakacheka wote. Na mtu yule nilikuwa namwamkia shikamoo kila asubuhi.

Jibu ni -18. Nililipata ndani ya daladala ya Uyole, nyuma ya risiti aliyoniandikia mwenyewe. Sauti imevuka kizingiti kwa 8, uwiano wa 4:1 unaruhusu robo yake tu ipite, yaani 2. Toka -20 panda 2, umefika -18. Ni kazi ya dakika moja. Kama hakuwa anajua, angesema tu, "Mdogo wangu, hebu tulitafute wote," ningemheshimu mpaka leo.

Kwa hiyo nilishaamua kuandika neno moja: msiende.

Lakini siwezi kuandika hivyo nikaficha habari ya mvua. Pale kuna kijana msaidizi. Mchana mmoja ilishuka mvua yetu ile inayokuja toka mlima Loleza bila hodi, ikapiga bati mpaka hatusikilizani. Nimesimama mbele ya maiki na hedifoni, masikioni ni mvua tupu. Msaidizi akawasha geti la sauti. Kimya. Nikadhani imekatika kweli, kutazama dirishani maji yanatiririka. Akanipa ishara niimbe. Nilipofungua mdomo tu, mvua ikaingia pamoja na sauti yangu. Nikinyamaza, inafungiwa nje. Akafupisha muda wa geti kujifunga, mwisho wa kila neno ukakatwa kama kwa mkasi. Akaurefusha, neno likaisha vizuri, ila mkia wa mvua ukawa unalifuata nyuma.

Sikuwahi kuelewa kitu darasani namna ile. Geti halisafishi kelele iliyo ndani ya sauti. Linafunga mlango tu pale sauti inaposhuka chini ya kizingiti. Nikiulizwa udhaifu wake kwenye mtihani, nitajibu nikiwa naisikia mvua ile.

Ni yeye huyohuyo aliyenitofautishia dilei na riveba, namna mbili za kuipa sauti mwangwi. Alipiga kofi moja. Kwenye dilei likarudi pa, pa, pa, unaweza kuyahesabu. Kwenye riveba marudio ni mengi mno na yamebanana, huwezi kuyatenganisha, kama ukiimba kanisani kabla watu hawajaingia. Nilimuuliza maswali mengi sana na hakunicheka hata mara moja.

Basi, ukienda, ulizia siku anazokuwepo msaidizi, utajifunza kweli. Au hapana. Nikikumbuka kile kicheko nakataa tena. Mama hakulima viazi ili mwanae aambiwe mitambo si ya kwake, na hela ile haikuingia mfukoni mwa msaidizi.

Siku ya mwisho nilimfungulia prodyuza daftari ukurasa uleule, nikamwonyesha -18 na njia yake yote. Akatazama, akasema, "Sawasawa," akapokea simu. Hakuomba radhi. Alinipa flashi yenye wimbo wangu akaniambia karibu tena.

Wimbo ni mzuri, hilo sikatai. Kila nikianza kuimba, mvua inasikika.